Tuta la Bi Sekela

Tangu kulima kwa mkono kupigwa marufuku na mashamba yote kuachiwa mitambo, Lutengano alikuwa mmoja wa wachache wenye kibali cha kuhifadhi zana kuukuu. Ghalani kwake Tukuyu alikuwa na trekta alilolifufua mwenyewe, na majembe aliyoyang'arisha akayatundika ukutani.

Mama yake, Bi Sekela, alipokuja kumtembelea, aliyaona akacheka. "Siku hizi jembe linatundikwa kama picha, baba?" Akatwaa moja, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuinua tuta la viazi.

Mara king'ora kikalia juu ya nguzo. "Nani analima hapo?" sauti ikauliza.

Lutengano alitoka mbio. Aliwaza kibali chake, akawaza trekta lake.

"Ni mama yangu," akajibu. "Akili zake haziko sawa."

"Pole sana. Jioni tutakuja kumchukua, akatunzwe."

Lutengano aligeuka. Bi Sekela alikuwa amesikia yote. Alijikung'uta udongo mikononi.

"Haya, mwanangu," alisema kwa upole. "Njoo unisaidie kukunja nguo zangu."

Lutengano alizikunja moja moja, asithubutu kumtazama usoni.