Vumbi la Godoro la Wageni

Siku hizi mtu halali kwa mwenzake mpaka wabadilishane viraka vya vumbi la magodoro yao, wavibandike mkononi siku arobaini, ngozi zizoeane. Bi Mwanajuma aliona haya kumpelekea mjukuu wake vumbi la kitanda anacholalia mwenyewe. Akakung'uta godoro la wageni, safi, lisilolaliwa na mtu tangu afiwe na mumewe.

Sabra akaja na mama yake, akamlalia bibi yake mapajani. Chai haijapoa, uso umeshamvimba.

“Umetuma vumbi gani, mama? Ngozi yake haikujui,” binti wa Bi Mwanajuma alisema, akimbeba mtoto kumtoa nje.

Hawajarudi. Mwezi wa saba huu, Bi Mwanajuma hajabandua kiraka cha vumbi la kitanda cha Sabra. Hakimwashi hata kidogo.