Sauti ya Mama Arafa

Sheria ilikataza kurekodi sauti ya mtu jinsi alivyozaliwa nayo. Kwa hiyo nyimbo zote ambazo marehemu mkewe Makame alizitengeneza chumbani zilipitishwa kwenye vokoda, mashine iliyomfanya mtu aimbe kama kinanda kinachosema.

"Baba, kweli mama aliimba hivi?" binti yake Arafa aliuliza, akazima wimbo kwenye kompyuta.

"Wapi! Hiyo mashine tu. Ngoja nikuonyeshe mama yako mwenyewe."

Makame akakohoa, akaimba kama alivyomsikia mkewe jikoni miaka yote ile. Arafa aliacha kukunja nguo, akamkodolea macho.

"Mbona na wewe unaimba kama mashine?"

Akajaribu tena, taratibu. Wapi.

"Hebu zima hiyo kompyuta, mwanangu. Inanichanganya."

"Nimeshaizima, baba."