King'amuzi cha Dishi

"Wewe ndiye uliniambia nichukue hiki," Nzembi alisema, amesimama kwenye mlango wa jirani yake na king'amuzi kipya mkononi.

"Nilisema ni kizuri. Sikusema hakitaki dishi."

"Na unajua mimi niko na antena tu. Umekaa kwangu miaka mingapi ukitazama taarifa, ukinywa chai yangu?"

Jirani akacheka kidogo. "Si ungemuuliza muuzaji, mama? Huko Muthetheni watu wana midomo."

Nzembi alikigeuza king'amuzi. Tundu la nyuma lilikuwa la kukazwa kama nati, na kule nyumbani waya wa antena yake ulikuwa umechomoka kila alipousukuma, mpaka kidole kikachubuka. Viti vya watazamaji alikuwa amevipanga sebuleni kwake tangu mchana. Hakuna aliyekuja.

Sauti ya TV na kicheko cha watu wengi vilitoka ndani kwa jirani. Akatazama viatu vilivyojazana mlangoni, vilevile vilivyokuwa vikijaa kwake kabla TV yake haijazimika matangazo yalipohamia dijitali. Kati ya viatu hivyo akaziona akala za mume wake, ndara za tairi, ya kushoto imefungwa kwa waya.

"Usisimame nje kama mgeni," jirani akasema, akimpisha. "Ingia ule. Muthokoi bado iko, na mzee wako ameshaongezwa."