Mnunuzi wa Santuri za Marehemu

Kisheria, msaidizi wa kidijitali aliyemo kwenye simu ya marehemu huendelea kumnunulia vitu mpaka mjane amalize eda. Bi Mwanahawa hakulifikiria hilo alipompa dalali wa mtandaoni santuri za taarabu za mumewe azinadi.

"Mtu mmoja anapandisha dau kila mara," alilalamika simuni. "Huyo mnunuzi hewa, anawafukuza wa kweli!"

"Si hewa, mama. Ni msaidizi wa Mzee Shekue, mumeo."

Machozi yakamtoka. "Kumbe anataka zirudi nyumbani."

Dalali akakohoa. "Ameagiza zipelekwe Korogwe, kwa Bi Siwatu. Tumempigia huyo mama. Anaomba tumfikishie mpaka mlangoni, kwa sababu naye yumo edani."