Mpopla wa Mzee Murai

Mtu wa arobaini na moja siku hiyo alivaa viatu vyeupe, akapita katikati ya matuta ya viazi kana kwamba ni sebuleni kwao.

"Wewe! Toka shambani!" Mzee Eisaku Murai alipiga kelele mpaka koo likamwasha. "Kibao hukioni?"

Kijana aliinama kwa adabu zote, akaomba radhi, akaendelea na safari yake hadi kwenye mti wa mpopla. Akaupiga picha. Kisha akageuka kuelekea nyumba ya mzee, akapunga mkono.

Hapo ndipo Murai alipochomwa zaidi. Wote walifanya hivyo. Wanamharibia shamba, halafu wanampungia, wanamcheka!

Kwa nini mpopla ule, Murai hakujua. Hokkaido imejaa mipopla, na huu ulikuwa mmoja tu, umeinama kidogo, uliopandwa na marehemu baba yake kuonyesha mwisho wa shamba. Miaka nenda rudi hakuna aliyeuangalia mara mbili. Ghafla, mwaka juzi theluji ilipoyeyuka, magari yakaanza kuja, kwanza mojamoja, baadaye mabasi. Watu wa Tokyo, wa Taiwan, wa nchi ambazo Murai hakuweza hata kuzitamka. Aliweka kibao cha lugha nne. Alifunga kamba, wakairuka. Mwishowe akapaka X kubwa nyekundu kwenye shina ili picha zao zichukize. Wakaja wengi zaidi, kuipiga picha hiyo X.

Angewavumilia kama si minyoo. Minyoo ya viazi husafiri na udongo wa viatu, na mwaka uliopita ilikula robo ya shamba. Mkaguzi wa kilimo alimweleza waziwazi: ikienea tena, hapandi viazi kwa miaka. Bila viazi angeuza shamba na nyumba, na mkewe Kinue, aliyelazwa kitandani na kiharusi mwaka wa tatu sasa, angepelekwa makao ya wazee mjini, kwenye chumba cha vitanda sita. Murai alikuwa amemwahidi kwamba jambo hilo halitatokea yeye akiwa hai.

Mchana kutwa Kinue alikuwa na dirisha lake, na simu aliyotumiwa na binti yao wa Osaka ili aitie msaada akizidiwa. Jioni Murai alirudi, akanawa, akamlisha uji wa mchele.

"Leo wamekuja wangapi?" Kinue aliuliza kama kawaida, maneno yakitoka polepole upande mmoja wa mdomo.

"Arobaini na mmoja, mashetani hao."

"Mmoja alibeba mtoto mgongoni."

"Na miguu yake mikubwa kama majembe, hiyo hukuiona?"

Kinue alicheka. Siku hizi alitaka kuchanwa nywele asubuhi kabla hata ya chai, na Murai alishukuru kumwona amechangamka.

Wiki ya kwanza ya Julai alikuta majani yamekuwa manjano. Alichimba shina moja kwa vidole. Mizizi ilikuwa na vipunje vyeupe, vidogo kama ufuta. Ilikuwa kona moja tu, ile njia ya kwendea mtini. Pangeweza kuokolewa, kama watu wangeacha kupakanyaga. Murai alikaa chini palepale kwenye tuta. Alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya wapiga picha.

Jirani yake, Dobashi, ndiye aliyekuwa na msumeno wa petroli.

"Una hakika, Murai? Mti wa baba yako huo."

"Na viazi vilikuwa vya baba yangu. Lete msumeno."

Alipomwambia Kinue, mkewe alimshika kiganja kwa mkono wake mmoja mzima.

"Usiukate, bwana."

"Najua unapenda kuutazama. Nitakuwekea maua hapo dirishani."

"Si mti. Kuna jambo nataka..."

"Ukisema sana unachoka." Murai alimpangusa mdomo. "Nafanya hivi ili ubaki hapa nyumbani. Umesikia, mke wangu?"

Kinue aliitazama mikono ya mumewe, ilivyopasuka, akamwachia kiganja.

Mpopla ulianguka Jumanne saa nne asubuhi. Jumatano walikuja watu kumi na wawili, wakasimama barabarani, wakaondoka. Alhamisi, watatu. Ijumaa Murai aling'oa kona yote, akachoma mashina, akarudi akipiga mluzi.

"Leo hakuna hata mmoja!" alitangaza kutoka mlangoni.

Kinue alikuwa ameelekea ukutani. Uji wa asubuhi ulikuwa vilevile bakulini.

Daktari alikuja, akapima presha, akasema haoni kilichobadilika. Murai alijaribu samaki, akajaribu pichi za kopo ambazo Kinue hajawahi kuzikataa. Hakufungua mdomo. Siku mbili mzee alikaa kando ya kitanda ameshika kijiko, hajui afanye nini, hajui amuulize nani.

Jumapili gari moja lilisimama. Akashuka mwanamke wa makamo, akazunguka shamba lote kwa barabara, akaja hadi mlangoni, akainama.

"Samahani, mzee wangu. Naitwa Chisato, nimetoka Nagoya. Bi Kinue hajambo? Hajatuandikia tangu Jumanne, tumeingiwa na wasiwasi."

"Hajawaandikia nyinyi? Nyinyi akina nani?"

Chisato akampa simu yake. Palikuwa na picha ya mpopla, imepigwa kutoka ndani, na pembeni lilionekana pazia lao la kijani. Chini yake kulikuwa na maneno yaliyowekwa mtandaoni mwaka juzi, kwa jina la Kinue. Murai alivaa miwani, akasoma.

"Mimi ni mgonjwa, siinuki, na mume wangu yuko shambani toka asubuhi hadi jioni. Ukipita Hokkaido, tafadhali njoo usimame kidogo chini ya mti huu. Ukibaki barabarani sikuoni."