Albamu Isiyozimika

Zama hizo muziki wote mtandaoni ulikuwa bure, tena halali, kwa sharti moja tu: ukishafungua albamu, haizimiki mpaka wimbo wa mwisho, na sauti yake inakufuata uendako. Shaweji aliona hiyo si adhabu bali neema. Alifungua taarabu, albamu ndefu ya nyimbo za harusi tupu, akajinyoosha kochini.

Wimbo wa pili haujaisha, kilio kikapasuka nyumba ya jirani. Mzee Makame, aliyemfundisha useremala, alikuwa amefariki.

Mkewe Tatu alitoka chumbani akijitanda kanga. "Zima, baba Siti! Watu wamefiwa!"

"Haizimiki."

"Ifunike basi!"

Aliikandamiza simu kwa mto. Jokofu likaupokea wimbo na kuuendeleza.

"Basi wewe baki," alisema Tatu. "Msibani hakuendwi na vigelegele."

"Nisimzike mwalimu wangu?"

"Utamzika kwa ngoma?"

Akatoka peke yake.

Shaweji alisimama dirishani. Jeneza lilipita, wanaume wakipokezana mabegani. Mmoja aliusikia ule muziki, akamtazama, akatema mate chini. Machozi yalimtoka Shaweji. Kilichomuuma zaidi ni kwamba wimbo ulikuwa mtamu kwelikweli. Alipoinamisha uso, aliuona mguu wake ukifuata mdundo.

Jokofu nalo liliuona.

"Tumefurahi umeipenda," lilisema kwa upole. "Tumekufungulia na ya pili."