Shati la Ambakisye

Siku hizi kila kaya ina mzinga wa nyigu wanaoua viwavijeshi, na kila msimu sharti wachanganywe na nyigu wa mbali ili kizazi kisidhoofike. Marehemu mume wangu, Ambakisye, alimkwepa bibi shamba, ofisa wa kilimo aliyekuja kuwachanganya, miaka tisa. Aliwalea wa kwake mpaka wakazoea harufu yake. Hata baada ya msiba, kila asubuhi walitua kwanza kwenye shati lake nililoliacha kambani, ndipo wakaenda mahindini.

Msimu huu bibi shamba alikuja na chupa ya nyigu madume kutoka Makete.

"Mama, nyigu wako wamechoka. Nusu ya mahindi imeliwa."

"Naona. Sina upofu."

Nikamfungulia mzinga mwenyewe. Ningekula shati?

Kizazi kipya kilipotoka, kiliruka moja kwa moja shambani. Shati walilipita kama halipo. Nikalivaa, nikaenda kusimama katikati ya mahindi. Mmoja akatua mfukoni, akatoa mwiba, akanipima taratibu kama anavyopima kiwavi. Kisha akaondoka.

Mahindi yaliyobaki yamepona yote. Jioni ile nililifua shati, mara ya kwanza tangu tumzike.